Somo la Historia: Ubongo Hujifunza Upya

Historia ya leo si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kiharusi, na ya jinsi madaktari walivyobadili mawazo yao juu yake. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni yako maswali.

Kwanza, kiharusi ni nini? Mshipa wa damu kichwani ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo hukosa damu ikafa. Upande wa kushoto wa ubongo huamrisha upande wa kulia wa mwili, na ule wa kulia huamrisha wa kushoto. Ndiyo sababu mgonjwa hupooza mkono na mguu wa upande mmoja, na pengine hupotewa na maneno.

Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alitazama ubongo wa marehemu mmoja ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila "tan". Aliona kidonda upande wa kushoto, mbele. Hivyo watu wakajua kwamba kusema kuna mahali pake katika ubongo. Lakini wengi waliendelea kufikiri kwamba mahali pakifa, na kazi yake imekufa. Hata Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, mtaalamu mkubwa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliandika kwamba njia za fahamu za mtu mzima zimekwisha kuwekwa, hazibadiliki. Basi wagonjwa wengi waliachwa wamelala.

Sasa msikie habari za mwalimu mmoja wa New York, Pedro Bach-y-Rita. Karibu na mwisho wa miaka ya 1950, akiwa na umri wa miaka 65, alipatwa na kiharusi. Hakuweza kutembea wala kusema. Mwanawe George, aliyekuwa akisomea udaktari Mexico, alimchukua nyumbani kwake. Akamwanzisha kama mtoto mchanga: kutambaa kando ya ukuta, kuokota gololi sakafuni, kuosha sufuria kwa mkono dhaifu, dakika 15 akizungusha huku, dakika 15 akizungusha kule. Majirani walimlaumu kwa kumtambaza mzee. Hakuacha. Mzee alisimama, akasema, akarudi kufundisha.

Alikufa akiwa na miaka 72, kwa ugonjwa wa moyo uliompata milimani huko Colombia. Ubongo wake ulipochunguzwa, kidonda kikubwa kilikuwa bado kipo, hakikupona! Mwanawe mwingine, daktari Paul, alishangaa sana: kumbe sehemu zilizobaki hai zilijifunza kazi mpya. Daraja likivunjika, watu hutafuta njia ya shambani. Ikikanyagwa kila siku, huwa barabara.

Mwaka 2006 huko Marekani ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa 222. Baadhi yao walivikwa glavu katika mkono mzima kwa majuma mawili, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Hao walipata nafuu kuliko wenzao.

Tusidanganyane, wanafunzi. Si kila mgonjwa hupona kabisa, na wengine hubaki na udhaifu. Lakini kumlaza tu na kumlisha kila kijiko ni kumnyima nafasi ya kujifunza. Ukiona uso wa mtu umepinda ghafula, mkono umelegea, au maneno yamevurugika, mpeleke hospitali saa ile ile, usingoje kesho. Akisharudi nyumbani, fuata mazoezi aliyopewa na waganga, kila siku, kwa subira.

Nanyi mnaojifunza kusoma ukubwani, msiseme akili zimekwisha kukomaa. Mzee Pedro alijifunza kutambaa akiwa na miaka 65.

Maswali
1. Kwa nini mtu aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo hupooza mkono wa kulia?
2. Broca aligundua nini mwaka 1861?
3. Kidonda cha Pedro hakikupona. Aliwezaje basi kufundisha tena?
4. Nyumbani kwako, mgonjwa angeweza kufanya kazi gani ndogo ya mikono?