Ujiendeaji: Akili Inapofanya Kazi Bila Kusimamiwa

Mama anayeshuka kutoka Old Moshi kwenda sokoni Kiboriloni na mkungu wa ndizi kichwani haangalii miguu yake. Kata imekaa sawasawa, shingo imenyooka, na mazungumzo na mwenzake aliye nyuma hayakatiki: ada ya shule, bei ya mchele, msiba wa juzi. Njia ina mawe, na mvua ikishanyesha ule udongo mwekundu unateleza. Hata hivyo kiuno kinajua pa kulegea na unyayo unajua pa kukanyaga. Ukimsimamisha umuulize anafanyaje, atakushangaa. Anatembea, basi.

Wanasaikolojia hugawa kazi za akili katika mafungu mawili. Kuna zile zinazodai uangalifu wetu tangu mwanzo hadi mwisho: kujumlisha kichwani bei za vitu saba, kujifunza pikipiki, kutafuta neno la kumwambia mfiwa. Na kuna zile zinazoanza na kwisha bila sisi kuzisimamia. Fungu hili la pili ndilo kubwa, na ndilo lisilo na jina lililotulia katika Kiswahili. Jina ninalolipendekeza ni ujiendeaji: michakato ya kujiendea kwa upande mmoja, michakato ya kuongozwa kwa upande wa pili.

Kwa nini tusiseme tu otomatiki? Neno hilo limeshazoeleka, na kwa gari au geti halina kasoro. Lakini mashine otomatiki ilitoka kiwandani ikiwa hivyo. Yule mama hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mtoto aliyebeba kidumu cha maji akamwaga nusu yake njiani, akagombezwa, akarudia kesho yake. Otomatiki inaificha miaka hiyo yote. Vitabu vya baiolojia navyo vina matendo yasiyo ya hiari, na ni sawa kwa mapigo ya moyo, ila mama amekusudia kabisa kwenda sokoni. Asichokiongoza ni hatua moja moja. Silika ni ya kuzaliwa nayo. Mazoea yanakaribia, lakini tukisema mazoea tunafikiria mwenendo wa mtu, wala si jinsi jicho linavyosoma neno au sikio linavyotambua sauti ya jirani kabla hajataja jina. Kujiendesha ni neno la shirika lisilotegemea ruzuku, na ndani yake msimamizi bado yupo.

Kujiendea ni neno la watu. Fundi cherehani aliyekwisha kukomaa husema siku hizi kazi inajiendea yenyewe, na hapo anajivunia. Mwananchi aliyechoshwa na ofisi isiyo na mwenyewe husema mambo yanajiendea tu, na hapo analalamika. Yuko atakayeniambia kwamba maana hiyo ya pili inalichafua neno. Naona inalikamilisha, kwa sababu akili inayojiendea ina sura hizo mbili: ni ustadi uliokomaa, na pia ni jambo linalokwenda bila mtu wa kuliangalia.

Elimu ya jambo hili ina historia ndefu. Mwaka 1890 Mmarekani William James, katika kitabu chake kikubwa cha saikolojia, alitenga sura nzima kwa ajili ya mazoea, akasema kwamba kadiri tunavyoyakabidhi mazoea mambo ya kila siku, ndivyo akili inavyobaki huru kwa kazi nyingine. Mwaka 1977 Richard Shiffrin na Walter Schneider walionyesha jinsi makabidhiano hayo yanavyotokea. Waliwapa watu kazi ya kutafuta herufi fulani katikati ya herufi nyingine. Mwanzoni kila herufi ya ziada iliwachelewesha. Baada ya majaribio maelfu, mradi kanuni haikubadilishwa, herufi iliyotafutwa ilikuwa kama inawarukia machoni, na idadi ya nyingine haikuwashughulisha tena. Mwaka 1994 John Bargh akataja alama nne za mchakato wa namna hii: mwenyewe hautambui, hakuukusudia, haumli nguvu, na ukianza ni vigumu kuuzuia. Alisisitiza kwamba alama hizo si lazima zije zote pamoja, na hatua za mama wa Kiboriloni ni ushahidi: safari ameikusudia, hatua hazimli nguvu ya akili, na akitaka kusimama atasimama.

Ile alama ya nne unaweza kuijaribu nyumbani. Chukua kalamu nyekundu uandike neno kijani, kisha kalamu ya kijani uandike neno nyekundu, na uendelee hivyo na rangi nyingine mpaka ukurasa ujae. Mwambie mtu ataje rangi ya wino bila kuyajali maneno. Msomi atakwama. Mtoto ambaye hajajua kusoma, ila rangi anazijua, atakwenda bila tatizo. John Ridley Stroop alichapisha jaribio la namna hii mwaka 1935, na mpaka leo linatumika. Anayejua kusoma hawezi kuamua kutosoma. Kusoma, kulikomgharimu machozi akiwa darasa la kwanza, sasa kunamtangulia.

Katika lugha ujiendeaji umejaa kila mahali. Anayesema viatu vyangu vimechakaa hakusimama kuchagua vi- na vy-. Ngeli zimekwenda zenyewe, na angesimama kuzifikiria angekwama kama mgeni. Kwenye salamu unausikia waziwazi zaidi. Ukipita asubuhi kihambani, kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba ya Mchagga, ukamsalimia mtu kwa Kichagga shimboni, jibu shicha linatoka kabla hajainua kichwa. Kwa Kiswahili hali ni hiyohiyo: habari za nyumbani? Nzuri, ila mtoto amelazwa. Nzuri imetoka kwanza, ukweli umefuata. Haikuwa uongo. Kinywa kilitimiza adabu huku akili ikijiandaa kusema.

Hospitali zinatuonyesha kwamba kujiendea na kuongozwa ni njia mbili tofauti ndani ya ubongo. Katika karne ya 19 daktari Mwingereza John Hughlings Jackson aliwachunguza watu waliopoteza usemi baada ya ubongo kuumia. Aligundua kwamba asiyeweza kuunda sentensi mpya huenda akaweza kuapa, kuhesabu kwa mfululizo au kusema sala aliyoizoea. Waliouguza mtu wa kiharusi wanalijua hili. Mgonjwa hawezi kukitaja kikombe alichokishika, lakini mjukuu akimwamkia shikamoo, marahaba inaitika. Familia hudhani anaanza kupona, au hushuku kwamba anajifanya. Yote mawili si lazima yawe kweli. Njia ya maneno ya kuongozwa imekatika, na ile ya kujiendea ingali nzima.

Kilimanjaro ina kitu kinacholieleza jambo hili kuliko mfano wowote ninaoujua: mfongo, ule mfereji wa jadi unaoyatoa maji mitoni juu na kuyapeleka vihambani. Maji yakishaingia mfongoni hayahitaji kusukumwa. Yanakwenda usiku, watu wamelala. Lakini mfongo ulichimbwa kwa mkono, ukafuata mkunjo wa kilima hatua kwa hatua, na usipozibuliwa kila mwaka unajaa tope. Ujiendeaji tuliojifunza uko hivyo. Unakwenda wenyewe leo kwa sababu kuna siku mtu alichimba, na unakwenda pale tu ulipochimbiwa, hata kama shamba limehamia kwingine.

Hisia nazo hujiendea, na hapa upande wa pili wa neno unajitokeza. Mtu akitukanwa, moyo huenda mbio na masikio hupata moto kabla hajajiambia kwamba amekasirika. Huwezi kuizuia hasira isianze. Unachoweza ni kuwahi kabla haijafika mkononi. Wachagga waliliwekea jambo hilo utaratibu. Mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la masale, mmea uleule unaopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, na anayepokea jani hilo anatarajiwa kusamehe. Ninavyouelewa mimi, nguvu ya utaratibu huu ni kwamba haumtaki aliyeudhika ashindane na hasira yake kwa hoja. Unamwekea mbele ya macho kitu alichofundishwa tangu utotoni kukiheshimu, na heshima hiyo, ambayo nayo hujiendea, inakutana na hasira njiani.

Ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote liko magharibi ya mlima, wilayani Hai. Madaktari wa Tanzania na Uingereza walifanya huko uchunguzi wa nyumba kwa nyumba kuutafuta ugonjwa wa Parkinson, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Katika watu 161,071 waliwathibitisha wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote wanaugua nini.

Ugonjwa huu, uliopewa jina la James Parkinson aliyeueleza mwaka 1817, tunaujua kwa mikono kutetemeka. Lakini kutetemeka ni sehemu yake moja. Chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini ndani kabisa ya ubongo hufa kidogo kidogo, na mafundo ya neva yanayozitegemea ndiyo yanayoendesha matendo tuliyoyazoea. Kwa hiyo mgonjwa huanza kunyang'anywa ujiendeaji wake, tendo moja moja. Mikono inaacha kuning'inia na kupunga anapotembea. Kope hazipepesi kama zamani. Mate yanajaa kwa kuwa hayamezwi yenyewe. Mwandiko unakuwa mdogo, sauti inafifia, uso unatulia usionyeshe furaha wala huzuni. Akifika mlangoni miguu inagoma, kana kwamba imegundishwa sakafuni.

Nyumbani hayo yote husomwa vibaya. Uso uliotulia huitwa kununa. Sauti ndogo huitwa kiburi, na kuyumba huitwa ulevi. Au watu husema ni uzee, na mzee huachwa kitini. Hawaoni kwamba anafanya kazi ngumu kuliko yeyote humo ndani: kila hatua, kila kifungo cha shati, anakiongoza kwa akili yake kama anayejifunza upya.

Na humohumo mna msaada. Kwa kuwa njia ya kuongozwa imebaki, inaweza kufanya kazi ya ile iliyoharibika. Chora mistari ya chaki sakafuni pale mlangoni, umwambie avuke mstari baada ya mstari, na mara nyingi miguu iliyogoma itakubali. Mhesabie kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, au mwimbie wimbo wa kanisani wenye mdundo anaoujua, atembee nao. Usimsemeshe anapobeba kikombe cha chai, kwa maana uangalifu wake wote uko kwenye kikombe. Dawa ya levodopa hurudisha sehemu kubwa ya wepesi kwa wanaoipata, na ndiyo sababu kumfikisha mgonjwa hospitali ni lazima. Lakini chaki na wimbo havihitaji kusubiri.

Basi nikiombwa kuliingiza neno kamusini nitaliandika hivi. Ujiendeaji: hali ya tendo la akili au la mwili kuanza na kukamilika bila mwenyewe kuliongoza hatua kwa hatua, ama kwa maumbile, kama pumzi, ama kwa kuzoezwa, kama kusoma na kutembea. Istilahi hupimwa kwa kazi inayofanya, na kazi ya hii nimeshaiona. Muuguzi wa zahanati ya Machame anayetaka kuugundua ugonjwa mapema hana haja ya kitabu cha neva. Anaweza kuuliza: Babu, kuna jambo lililokuwa likijiendea zamani, kama kufunga vifungo au kujigeuza kitandani, ambalo siku hizi ni lazima ulifikirie? Babu atalielewa swali hilo, na binti aliyemsindikiza atalielewa. Huenda ndiye atakayejibu kwanza, kwa kuwa ni yeye anayemfunga vifungo kila asubuhi bila kujua kwamba hiyo ni dalili ya kumwambia daktari.