Bandari ya Malindi: Sifa Zake na Deni Letu

Twapenda kuzisifu meli zilizotia nanga Malindi, lakini twawasahau waliozipakia shehena.

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga, zawadi kwa mfalme wa nasaba ya Ming. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama, aliyekwisha kufarakana na Mombasa, alipokewa hapa kwa wema, akapewa rubani aliyemvusha hadi Calicut kwa siku zisizotimia 30. Lakini urafiki huo haukuidumisha bandari. Wareno walipoitwaa Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, mtawala wa Malindi naye alihamia huko, na mji ukafifia hata ukawa magofu.

Katikati ya karne ya 19, chini ya masultani wa Unguja, majahazi yalirudi kuchukua mtama na ufuta. Mazao hayo yalilimwa na watumwa. Mkataba wa 1873 ulikataza biashara ya watumwa baharini. Utumwa wenyewe ulikomeshwa katika pwani hii mwaka 1907.

Sasa udongo uletwao na mto Sabaki waijaza ghuba, na maji yamesogea mbali na mji. Nguzo ya Vasco da Gama yatazamwa na wageni. Waliolima na kubeba magunia hawana nguzo. Twawasihi wazee watusimulie habari zao, nasi tuziandike ungali muda.