Njugu Zilizopigwa Marufuku

Mwaka 2000, madaktari wa watoto Marekani walishauri hivi: mtoto wa familia yenye mzio asionje njugu hadi afikishe miaka 3. Wazazi wakatii. Lakini mzio wa njugu, ule wa kuvimba koo, ukazidi tu.

Huko London, daktari Gideon Lack na wenzake waliona jambo. Mwaka 2008 waliandika kuwa watoto Wayahudi wa Uingereza walikuwa na mzio huo mara 10 kuliko wenzao wa Israeli. Asili moja, sasa tofauti iko wapi? Israeli, watoto hulishwa njugu kabla hata ya kutimiza mwaka.

Wakachukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 waliokuwa hatarini. Nusu wakala njugu, nusu wakanyimwa hadi miaka 5. Mwaka 2015 majibu yakatoka: kwa waliokula, mzio ulikuwa pungufu kwa asilimia 81.

Yaani kinga yenyewe ndiyo ilikatazwa. Hakuna aliyetaka kudhuru. Walikosa ushahidi, wakaamini woga.

Siku hizi mtoto mwenye ukurutu mkali huonwa na daktari kwanza. Wengine, njugu zisagwe laini kwenye uji. Nzima zitamkaba.