Kucha za Chuma

Sonara alichukua kimoja, akakisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea dawa, akasubiri. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, hii si fedha."

"Najua, mzee. Inaitwa tu fedha ya Kijerumani."

"Basi wamekuuzia jina," akasema, akanirudishia.

Sikwenda dukani kwake Mji Mkongwe, Zanzibar, kuuza kitu. Nilikwenda kuomba mkono wa fundi. Kwenye bahasha nilikuwa na vipande viwili vya madini, vidogo kama vizibo vya soda. Kila kimoja kina ukanda wa kuzunguka kidole na ulimi mwembamba unaochomoza mbele. Wapiga gitaa huviita piki za vidole. Mimi nimezoea kuviita kucha za chuma. Huvaliwa na wapigaji wa gitaa la chuma, lile linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Kama umewahi kusikia wimbo wa kantri redioni Jumapili jioni, ukasikia nyuma ya mwimbaji sauti inayolia, inayopanda na kushuka bila kukanyaga ngazi, umelisikia.

Kucha zangu zilikuwa zinanitesa. Ya kidole cha shahada ilibana mpaka ncha ya kidole ikageuka rangi. Ya kidole cha kati ilichomoka kila nilipokwanyua uzi mnene, ikarukia chini ya kabati. Nilijaribu kuzikunja kwa koleo, nikaziachia alama za meno. Rafiki akanishauri: kitu kinachovaliwa kidoleni kipeleke kwa fundi wa pete.

Mzee akaijaribu moja. Aliivaa kama ambavyo mtu yeyote angeivaa, ulimi ukiwa juu ya ukucha wake. Nikamwomba aigeuze. Ulimi hukaa upande wa ndani, mbele ya nyama ya ncha ya kidole, pale kidole kinapokutana na uzi. Akacheka.

"Kumbe ni kastabini iliyogeuzwa."

Hakukosea. Mpiga kanuni wa taarab huvaa pete ya madini kwenye kila kidole cha shahada, na ndani ya pete huchomeka kipande chembamba cha kukwanyulia nyuzi. Waarabu huiita pete hiyo kwa jina lilelile la kifaa cha mshonaji, jina lililotupa sisi neno kastabini. Na huko Marekani, katika karne ya 19, wapo wapiga banjo waliovaa kastabini kidoleni ili chombo chao kisikike ukumbi mzima. Kuvisha kidole madini ni wazo la zamani kuliko gitaa la chuma. Kilichonisumbua mimi, mwanafunzi wa historia ninayetakiwa kuuliza maswali makubwa, ni swali dogo: kwa nini wapigaji wa gitaa hili walizivaa, na kwa nini hawakuzivua sababu ya kuzivaa ilipokwisha?

Gitaa la kawaida lilifika Hawaii katika miaka ya 1830 pamoja na wachunga ng'ombe kutoka Mexico. Wahawaii walilichukua, wakalegeza nyuzi zake kwa namna zao, na wakalipa jina kwa matamshi yao, kīkā, kama sisi tulivyosema gitaa. Katika miaka ya 1880, kijana mmoja wa kisiwa cha Oahu, Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874, alianza kutelezesha vitu juu ya nyuzi. Simulizi inayorudiwa zaidi inasema aliokota bolti kando ya reli, na kwamba baadaye, akiwa mwanafunzi wa shule ya wavulana ya Kamehameha, alijichongea kipande cha chuma katika karakana ya shule. Wapo wengine wanaotajwa kuwa walitangulia, akiwemo Gabriel Davion, mzaliwa wa India. Lakini Kekuku ndiye aliyeukaza mtindo ukawa sanaa yenye kanuni zake. Wahawaii wakaliita kīkā kila, gitaa la chuma. Chuma hicho ni kile cha mkononi; gitaa lenyewe lilikuwa la mbao.

Huo haukuwa wakati wa amani kwao. Mwaka 1893 Malkia Liliuokalani alipinduliwa. Mwaka 1896 sheria ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na Kihawaii kikasukumwa nje ya darasa. Mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa. Watoto walioadhibiwa kwa kusema lugha yao darasani walikuwa na chombo kilichokuwa chao. Mwaka 1904 Kekuku aliondoka kwenda bara, akapiga na kufundisha, na baadaye akazunguka Ulaya na kundi la mchezo wa jukwaani ulioitwa The Bird of Paradise. Mwaka 1915 muziki wa Hawaii uliwavutia wageni wengi katika maonyesho makubwa ya San Francisco, na baada ya hapo Wamarekani wakanunua sahani zake kwa wingi.

Hapo ndipo kucha zinapoingia. Ili chuma kiteleze bila kugonga shingo, nyuzi za gitaa hunyanyuliwa juu. Mkono wa kushoto haubonyezi kitu, unateleza tu. Kazi ya kuuamsha uzi inabaki kwa mkono wa kulia peke yake, na nyuzi ni za chuma, zenye kukaza. Nyama ya kidole huziamsha kwa upole, sauti ikawa ya duara na fupi, nzuri kwa barazani. Ukucha wa mtu una makali, lakini nyuzi za chuma huula. Sasa mweke mpigaji huyo kwenye ukumbi wa watu mia kadhaa, hakuna maikrofoni, kuna wacheza hula, kuna ukulele tatu na waimbaji. Kucha za madini zilimpa mambo mawili aliyoyahitaji: sauti kubwa, na mwanzo mkali wa kila noti, ili kelele zisiimeze.

Hata hivyo ukumbi ulizidi kuwa mkubwa. Mwaka 1927 George Beauchamp, mpigaji wa gitaa la Hawaii katika majukwaa ya maonyesho, na fundi John Dopyera walileta gitaa la National lenye koni tatu za alumini ndani yake za kukuza sauti. Mwili wake haukuwa wa mbao tena. Ulikuwa wa fedha ya Kijerumani, yaani mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, usio na hata chembe ya fedha; madini yaleyale ya kucha zilizomchekesha sonara. Sol Hoopii, mzaliwa wa Honolulu ambaye husimuliwa kuwa alifika San Francisco mwaka 1919 akiwa amejificha melini, alirekodi kwa gitaa la aina hiyo. Sikiliza rekodi zake za mwisho wa miaka ya 1920 utaelewa: kila noti inaanza kama sarafu iliyoangushwa kwenye sakafu ya saruji, kisha inageuka kuwa sauti ya mtu.

Mwaka 1932 likaingia sokoni gitaa la kwanza la umeme lililofanikiwa kibiashara. Watu wengi hudhani lilikuwa gitaa la kusimama nalo, la roki. Lilikuwa gitaa la Hawaii, la kulaza mapajani, la alumini, na kwa umbo lake likaitwa kikaango. Aliyelibuni ni Beauchamp huyohuyo. Umeme ulimaliza tatizo la sauti ndogo: geuza kitufe, ukumbi mzima unasikia. Kwa hesabu ya kawaida, wapigaji wangevua kucha mwaka huo na kurudi kwenye nyama ya vidole.

Hawakuvua. Don Helms, aliyepiga nyuma ya Hank Williams, alikuwa na umeme. Bud Isaacs, ambaye mwaka 1954 alisikika katika wimbo "Slowly" wa Webb Pierce akivuta nyuzi kwa pedali na kuubadilisha muziki wa kantri, alikuwa na umeme. Gitaa la pedali la leo lina nyuzi 10 au zaidi, na wapigaji wake wengi bado huvaa kucha mbili za madini na moja ya plastiki gumbani.

Jibu nililipata kwenye vidole vyangu kabla ya kulipata vitabuni. Kwenye gitaa hili, kazi ngumu ya mkono wa kulia ni kunyamazisha. Kwa kuwa chuma cha kushoto kinagusa nyuzi nyingi pamoja, kila uliokwanyuliwa unaendelea kulia hata baada ya zamu yake. Usipouzima, muziki unakuwa matope. Wengine huzima kwa ubavu wa kiganja. Wengine hurudisha kucha yenyewe juu ya uzi unaotetemeka, na hapo umbo la ulimi ndiyo hukumu: ukiwa umesimama wima mno, madini yanagonga uzi na kutoa mlio wa nzi kwenye chupa, ukiwa umekunjwa kufuata mviringo wa ncha ya kidole, unatua kimya. Kucha ilizaliwa kwa ajili ya ukubwa wa sauti, ikabaki kwa ajili ya mwanzo na mwisho wa noti. Kufikia umeme ulipokuja, masikio yalikuwa yamekwisha kuupenda ule mwanzo mkali, na mikono ilikuwa imekwisha kujengwa juu yake.

Ndiyo maana kuchagua hakumaliziki dukani. Kampuni ya Dunlop huuza kucha kwa unene, kuanzia takribani milimita 0.33 hadi 0.64. Nyembamba hukunjika kwa vidole vitupu na hutoa sauti kali yenye kugonga. Nene hushika umbo na sauti yake imeshiba. Lakini zote hutoka kiwandani zikiwa za kidole ambacho si cha mtu yeyote. Kukunja, kubana na kulainisha kingo ni juu yako.

Nilimweleza mzee haya yote kwa urefu usio wa lazima. Alikuwa amekwisha kuzipasha moto kidogo. Alinionya kuwa madini haya hugumu kila unapoyakunja, na ukiyarudia mara nyingi yakiwa baridi hukatika. Akachukua chuma chake cha mviringo cha kunyooshea pete, akaulaza ulimi juu yake na kuugonga kwa nyundo ya mbao, mara mbili, mara tatu. Akanipa nivae, akauliza, akavua, akagonga tena. Kingo alizipitisha msasa laini kwenye maji, mpaka nikipitisha uzi wa shati hausiti.

Nilipokuwa nikimtazama nilifikiria kazi yangu ya shahada ya uzamili, na jinsi tunavyofundishwa kuanzia kwenye nyaraka. Beauchamp alipata hataza ya kikaango mwaka 1937. Ina michoro na namba, na mtafiti yeyote anaweza kuisoma. Kekuku alikuwa amefariki New Jersey mwaka 1932, mwaka uleule kikaango kilipoingia sokoni, mbali na Oahu. Mtindo wake haukuwa kitu cha kusajiliwa. Ulipita kutoka mkono kwenda mkono, na ulikuwa karibu kukatika nyumbani kwake mwenyewe. Mwaka 1972 Jerry Byrd, mzungu kutoka Ohio aliyejifunza chombo hiki bara, alihamia Hawaii, akawa mwalimu wa vijana wa huko, miongoni mwao Alan Akaka. Kilichotoka kisiwani kwa mkono kilirudi kwa mkono.

Hataza hailindi namna mtu alivyokunja kucha yake. Kitu kilichokunjwa kufuata kidole kimoja hakimfai mtoto wala mwanafunzi wa mwenye kidole. Akifa, watu wanaona vipande viwili vya bati kwenye droo. Na bila vipande hivyo, zile noti za Hoopii zisingeanza vile. Sina hakika darasa langu lina mahali pa ushahidi wa aina hii. Lakini najua sasa nitaanza wapi kuutafuta: nitamwomba mpigaji aniwekee mkono wake mezani.

Nikauliza bei. Mzee akakataa, akasema hajawahi kulipwa kwa kunyoosha bati. Kisha akanishika kidole cha shahada, akakipima kwa macho kama bwana harusi aliyeletwa kwake.

"Ukinenepa," akasema, "urudi."