Wamaasai Waliovuka Bahari

Kimuka ipo nyuma ya vilima vya Ngong, kaunti ya Kajiado, katika nchi iliyojua kuhamishwa kwa nguvu. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani uliwagawa ndugu wa lugha moja ya Maa. Mkataba wa 1904 ukawaondoa Wamaasai katika malisho ya Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Ule wa 1911 ukawang'oa hata Laikipia. Mwaka 1913 walikwenda mahakamani na kushindwa: majaji walisema mikataba ile ilikuwa kama ya dola mbili, hivyo haikuwa chini ya mamlaka yao.

Wakati huohuo, Mmaasai mmoja alikuwa amesafiri kwa hiari yake. Molonket ole Sempele aliondoka mwaka 1909 kwenda Marekani, akasoma Boydton, jimbo la Virginia, katika taasisi ya Wamarekani weusi. Hakuhamia huko. Alirejea mwaka 1912, akawa mmoja wa waanzilishi wa elimu na Ukristo Umaasaini.

Miaka sitini baadaye, Tepilit Ole Saitoti wa Tanzania, aliyekuwa mlinzi wa wanyamapori Serengeti, alisoma Marekani na kuandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1986. Wageni walikuwa wamezoea kumtazama moran, kijana shujaa wa Kimaasai, kwenye picha. Tepilit alimpa moran sauti yake mwenyewe.

Deni la msafiri kwa watu wa kwao linaonekana wazi zaidi Enoosaen, kaunti ya Narok. Kakenya Ntaiya alikubali kukeketwa kwa sharti kwamba baba yake amruhusu kumaliza sekondari. Alipopata nafasi ya chuo Marekani, wanakijiji walichanga nauli, naye akaahidi kurudi kuwasaidia. Ahadi hiyo aliitimiza: mwaka 2009 alifungua shule ya wasichana kijijini hapo, na mwaka 2011 akapata uzamivu Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Mwana mwingine wa Enoosaen, Kimeli Naiyomah, alikuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Aliporudi likizo aliwasimulia wazee aliyoyaona. Mwaka 2002 kijiji kikawapa Wamarekani ng'ombe 14, zawadi ambayo kwa Mmaasai hutolewa kwa mtu anayehesabiwa ndugu.

Uhusiano na ng'ambo haukuwa wa zawadi tu. Mwaka 2017 Samwel Nangiria wa Loliondo, Tanzania, alizuru jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, akakuta vitu vya urithi wa Kimaasai ambavyo mzazi humwachia mwanawe na ambavyo kwa desturi haviuzwi wala kutolewa. Mazungumzo na wazee yalifuata. Mwaka 2023 ujumbe wa jumba hilo ulikuja Afrika Mashariki, na familia tano za wenye vitu hivyo zikapewa ng'ombe 49 kila moja, idadi ileile inayodaiwa kwa desturi kama fidia ya kuua mtu.

Kajiado nayo imemtoa Nice Nailantei Leng'ete wa Kimana, aliyewashawishi wazee na morani kukubali tohara mbadala isiyo na kisu kwa wasichana. Jarida la Time lilimtaja mwaka 2018 miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi duniani. Jina lake na la Sempele yafundishwe katika shule za Kimuka pamoja na la Olonana, kiongozi wa Wamaasai enzi za mkataba wa 1904, maana watoto wanaokulia jirani na Nairobi watasafiri pia, na wanastahili kujua waliowatangulia walibaki vipi Wamaasai.