Deni Lililongoja Mvua

Ukitaka kusoma historia ya deni Ukambani, usianzie benki. Anzia majina ya njaa. Wazee wa Kitui na Makueni hawakuwa wakihesabu miaka kwa namba peke yake. Kila yua, yaani kila njaa, ilipewa jina lake, na ukiyapanga majina hayo unapata kitabu kizima cha nani alikosa nini na aliokolewa na nani.

Ile ya 1898 na 1899 inaitwa Ngomanisye, iliyofika kila mahali. Mvua ilikosekana, ng'ombe walikuwa wameshapukutishwa na sotoka, kisha ndui ikapita na waliobaki. Mwanahistoria Charles Ambler, aliyeandika juu ya jamii za Kenya ya kati katika karne ya 19, anaeleza jinsi familia za Ukambani zilivyowapeleka wanawake na wasichana kwenye nyumba za nyanda za juu, kwa Wakikuyu na majirani zao, ili wapate chakula. Yaani binadamu aliwekwa rehani. Makubaliano yalikuwa kwamba hali ikitulia, jamaa watarudi na mifugo kumkomboa. Kuna waliorudi. Kuna waliobaki huko, wakaolewa, wakawa watu wa huko.

Naanza na hili kwa sababu sisi vijana wa Nairobi tunapenda kusema kwamba zamani watu hawakuwa na madeni. Hebu tuache. Madeni yalikuwepo, na mengine yalikuwa mazito kuliko yoyote utakayopata kwenye simu yako. Kilichokuwa tofauti ni ratiba. Deni la Ukambani lilifuata mvua. Mwenye kudai alijua vizuri kama anayedaiwa amevuna au hajavuna, maana mawingu yaliyomnyima mmoja ndiyo yaliyomnyima mwingine. Niliwahi kumuuliza susu wangu, nyanya mzaa mama, kule Mwingi: "Susu, ulikuwa ukikopa mbegu, unalipa lini?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi. "Mbua ikinyesha na tukivuna. Kwani ungelipa na nini kabla ya hapo?"

Hiyo "na nini" ndiyo serikali ya kikoloni haikuijali. Kodi ya nyumba ilipoanzishwa mwaka 1901, watu walijikuta na deni la aina mpya: linahesabiwa kwa sarafu, lina tarehe, na anayedai hana haja ya kujua kama kumenyesha. Mtu wa Kitui mwenye mbuzi wengi na ghala tupu alilazimika kuuza mbuzi au kwenda kutafuta kibarua mbali na kwao. Baadaye zikaja sheria za kudhibiti mikopo kwa Waafrika. Mfanyabiashara akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya ofisa wa serikali, hangeweza kumdai mahakamani. Walisema ni kumlinda. Matokeo yake ni kwamba mkopo mkubwa wa kujenga kitu ulikuwa mgumu kuupata, lakini daftari la dukani, la sukari na chumvi na kitambaa, liliendelea kujaa.

Benki ya Mkamba ilikuwa boma lake. Ng'ombe alikuwa akiba, mahari, bima ya ukame na njia ya kumaliza deni. Ndiyo maana 1938 ilipofika, na serikali ikaamua kwamba Wakamba wa Machakos (wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha pia Makueni ya leo) wana mifugo kupita kiasi, ikaanza kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa bei ya chini, watu hawakuona hifadhi ya udongo. Waliona akiba yao inabebwa. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River, na ng'ombe hao walihitajika huko. Mwezi Julai, Muindi Mbingu na chama cha Ukamba Members Association waliongoza watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake, kwenda Nairobi. Wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mbingu akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha, serikali ililegeza kamba na mpango wa kuuza mifugo kwa nguvu ukasimama.

Wengi wetu tunapita Muindi Mbingu Street kila siku, pale City Market, tukikimbilia matatu. Yule mtu alisimamia jambo moja rahisi sana: anayedai asichukue kile ambacho mtu atakihitaji ili asimame tena.

Sasa ruka hadi miaka ya 1980. Njaa moja ya wakati huo inaitwa Nikw'a Ngwete, nakufa huku nimeshika. Nimeshika nini? Pesa. Watu wa Ukambani walikuwa na ndugu mjini, mishahara ilitumwa nyumbani, lakini chakula hakikupatikana dukani hata ukiwa na noti mkononi. Hilo jina linaonyesha maisha yalivyokuwa yamehama. Zamani ulikuwa na ng'ombe, sasa ulikuwa na pesa, na pesa peke yake haikutosha.

Halafu simu zikaja. M-Pesa ilianza Machi 2007. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, kisha apu za mikopo moja baada ya nyingine, na Januari 2019 ikaja Fuliza. Mkopo wa siku 30, hakuna fomu, hakuna mdhamini, hakuna mtu wa kukutazama usoni. Kwa mkulima wa ndengu wa Kitui au wa maembe wa Makueni, siku 30 ni kalenda ya kigeni kabisa. Ukanda ule una misimu miwili ya mvua, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na hiyo ya pili ndiyo watu wanaitegemea zaidi. Mkopo wa Septemba wa kununua mbegu unadaiwa Oktoba, ndengu ikiwa bado haijatoa hata jani. Hapo mtu anakopa apu ya pili kulipa ya kwanza. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mimi siko shambani, niko mjini na mshahara wa mwezi, na bado ilinikuta. Mwaka 2021 mama alilazwa, na bili ilipokwisha kulipwa nilikuwa nadaiwa Sh176,000: Sh80,000 za sacco, Sh64,000 za apu nne, Sh20,000 za rafiki na Sh12,000 za chama. Mshahara ulikuwa Sh38,000. Kodi ya nyumba Sh11,000, chakula na nauli Sh12,000, dawa za mama Sh4,000. Inabaki Sh11,000. Ukigawanya deni lote kwa hiyo, unapata miezi 16, lakini tu kama riba itasimama.

Hiyo "kama" ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Niliandika karatasi moja, nani anadai kiasi gani na ninaweza kumpa ngapi kila mwezi, nikawapelekea wote karatasi ileile. Sacco ikakubali kunyoosha muda. Rafiki akasema nimmalize wa mwisho. Chama kikanipa zamu ya mbele niitumie kulipia. Apu mbili zikakubali kusimamisha faini, mbili zikakataa, kwa hiyo hizo mbili nikazilipa kwanza. Ilichukua miezi 19, si 16. Nililala vizuri kuanzia mwezi wa kwanza, kusema ukweli, kwa sababu simu ikilia nilijua jibu.

Wengi hawajui kwamba sheria ya Kenya ina njia ya aina hii. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inamruhusu mtu mwenye madeni yasiyo na dhamana, yasiyozidi Sh300,000, kuomba amri ya kulipa kwa awamu. Ombi linakwenda kwa Mpokezi Rasmi, ofisa wa serikali anayeshughulikia ufilisi. Akikubali, anawekwa msimamizi, unalipa kidogo kidogo kwa muda wa hadi miaka mitatu, au mitano kukiwa na sababu maalum, na wakati huo wanaokudai hawawezi kukukimbiza kortini bila ruhusa. Haikufanyi mufilisi.

Mengine yalifuata. Kanuni za 2022 za Benki Kuu ziliwataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, zikawakataza kutisha wateja au kuwapigia simu watu walio kwenye orodha ya namba zao ili kuwaaibisha. Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ikatangaza mpango kwa waliokuwa wameorodheshwa CRB kwa mikopo ya simu: benki zipunguze angalau nusu ya deni, iliyobaki ilipwe kwa mpango hadi mwisho wa Mei 2023. Ulikuwa wa muda tu, lakini ulithibitisha kwamba anayedai anaweza kukaa mezani.

Kinachokosekana bado ni mvua. Mipango hii yote inadhani kila mtu ana mshahara wa mwisho wa mwezi. Binamu yangu wa Kathonzweni analipa daftari lake la dukani mara mbili kwa mwaka, baada ya maembe na baada ya ndengu, na mwenye duka hana wasiwasi kwa sababu anaiona miembe yenyewe kutoka barabarani. Huo ni mpango wa kulipa deni uliokamilika: kiasi kinajulikana, tarehe inajulikana, na imefungwa kwenye kitu ambacho kweli kitaleta pesa. Hakuna sababu ya apu au sacco kushindwa kuandika mkataba wa namna hiyo kwa watu wa Kitui na Makueni.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sawa, lakini dawa yoyote ina kipimo na ina saa zake. Ukiwa unadaiwa wiki hii, andika hiyo karatasi kabla hujafungua apu nyingine: unadaiwa ngapi, unabaki na ngapi, na pesa yako inaingia lini hasa. Kisha mpelekee anayekudai, umwambie hayo ndiyo unayoweza.