Majani ya Aina Mbili Katika Kiko Kimoja

Juu ya meza yangu ya kuandikia kuna kopo la bati, la mviringo, lililokuwa la tumbaku ya kiko. Rangi yake imechubuka na maandishi ya kifuniko hayasomeki tena. Natunzia humo vipande vya chaki, ingawa nimestaafu na sina ubao wa kuandikia. Wajukuu zangu huniuliza kwa nini babu hakitupi kikopo hicho kibovu. Huwajibu kwamba humo ndimo nilimojifunzia historia, nao hucheka wakidhani ni mzaha. Leo napenda kulijibu swali lao kwa kirefu.

Baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku huko Urambo, mkoani Tabora. Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba Urambo, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ilikuwa miongoni mwa sehemu tatu zilizochaguliwa na serikali ya Uingereza kwa ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Matrekta yakaja, misitu ikafyekwa, fedha zikateketea, karanga zisionekane. Na ilipofika mwaka 1951 mpango ukaachwa. Ardhi ya Urambo ikatafutiwa zao jingine, nalo likawa tumbaku ya Virginia, ile ambayo wakulima wetu huiita tumbaku ya mvuke.

Jina hilo lisimpoteze msomaji. Majani hayapikwi kwa maji. Hufungwa kwenye fito na kuning'inizwa ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia, na moto huwashwa nje, joto likapita katika mabomba chini ya majani bila moshi kuyagusa. Joto huanza kidogo ili majani yageuke manjano, kisha huongezwa hatua kwa hatua mpaka mishipa minene ikauke. Kazi hiyo huchukua kadiri ya juma zima, usiku na mchana. Moto ukizidi mapema, jani huungua. Ukizimika, jani huwa jeusi na jasho la mwaka limekwenda bure. Ndiyo maana nami, kama watoto wote wa wakulima, nilijua zamu ya usiku kabla sijajua kusoma saa.

Siku za soko mteuzi alifika kupanga madaraja. Aliingiza mkono katika robota, akachomoa majani machache, akayatazama kwenye mwanga, akayafikicha kidogo, akayanusa, akataja daraja. Mwaka mmoja, katika miaka ya 1960, robota ambalo baba aliliona kuwa bora kuliko yote lilipewa daraja la chini sana. Shughuli yote haikuchukua hata dakika moja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini siku ile kizuri hakikujiuza. Baba hakubishana. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani aliniambia, "Yule bwana ameona rangi, hakuona usiku." Sikuyatilia maanani maneno hayo. Nilikuwa nikifikiria viatu ambavyo sasa nisingenunuliwa.

Mwaka 1971 nilikuwa katika chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu wa historia alikuwa Mwingereza wa makamo, mpole, ambaye kiko hakikumtoka mkononi. Alipofahamu kwamba baba yangu ni mkulima wa tumbaku, aliniita barazani kwake Jumapili moja alasiri.

"Kijana," alisema, "ninyi mnalima kitu hiki, lakini umewahi kukionja?"

Nilimjibu, "Hapana, Mwalimu. Nyumbani wazee huvuta ya kwao ya kienyeji. Ile ya mvuke huuzwa yote."

Akafungua kopo hili nililo nalo mezani. Alieleza kwamba humo mlikuwa na majani ya aina mbili tu: Virginia, na tumbaku ya Mashariki, ambayo wengine huiita ya Kituruki. Hiyo ya pili ina majani madogo, mengine hayafiki ukubwa wa kiganja. Huota vizuri katika ardhi kame yenye mawe, hutungwa kwenye uzi na kukaushwa kwa jua. Sifa yake ni harufu, wala si ukali.

Kisha akanifundisha kuhukumu. Kwanza, tumbaku hunuswa ikiwa bado ndani ya kopo. Pili, hubinywa kwa vidole: ikishikamana kama donge ni mbichi mno, ikivunjika kama majani makavu ya mgomba imepita kiasi. Tatu, kiko hujazwa kwa mafungu, la kwanza likilegezwa na la mwisho likikazwa kidogo, ili hewa ipite. Huwashwa mara mbili, kwa sababu moto wa kwanza huinua majani tu, nayo hushindiliwa taratibu kabla ya moto wa pili. Baada ya hapo huvutwa polepole bila kumeza moshi, na mvutaji hutoa hukumu yake mara tatu: mwanzo, katikati na mwisho.

Naomba niseme kweli. Ilikuwa tamu. Mwanzoni niliitambua Virginia ya nyumbani: utamu kama wa nyasi kavu zilizopigwa na jua, na kwa mbali kama ganda la mkate. Kiko kilipofika katikati, ile ya Mashariki ikajitokeza na uchachu mdogo, harufu iliyokaribiana na ubani, pamoja na ulaini wa samli mdomoni. Mwishoni zote mbili zilikolea na kuwa kitu kimoja, kizito, chenye ladha ya viungo. Baadaye nilielewa sababu yake. Ukaushaji wa mvuke huacha sukari nyingi katika jani, na Virginia ikivutwa peke yake kwa haraka huuchoma ulimi. Tumbaku ya Mashariki huupunguza utamu huo, nayo Virginia huipa mwenzake mwili wa kusimamia. Zimeoana kama chumvi na ndimu.

Nilipomaliza mkufunzi akaniuliza, "Daraja gani?"

Nikajibu kwa fahari, "La kwanza, Mwalimu."

Alitabasamu, halafu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia kwa mvuta kiko. Alisema nimehukumu vizuri kwa ulimi, lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza pia majani hayo yamefikaje humo. Akanipa kazi ya kusoma.

Nilianza na Virginia. Mnamo mwaka 1612 Mwingereza John Rolfe alipanda huko Jamestown mbegu za tumbaku tamu zilizotoka sehemu za Karibi. Zao likastawi, likaiokoa koloni iliyokuwa karibu kufa, na likahitaji mikono. Mwaka 1619 walishushwa pwani ya Virginia Waafrika 20 na kitu waliotekwa Angola. Kwa zaidi ya miaka 200 iliyofuata mashamba ya tumbaku ya nchi ile yalisimama juu ya migongo ya watumwa.

Na ile rangi ya manjano ambayo mteuzi aliitafuta katika robota la baba ina hadithi yake. Husimuliwa kwamba mwaka 1839, katika wilaya ya Caswell, North Carolina, mtumwa aliyeitwa Stephen, mali ya Abisha Slade, alikuwa akilinda moto wa bani usiku. Akasinzia. Alipozinduka moto ulikuwa karibu kuzimika. Kwa kuwa alikuwa pia mhunzi, alikimbilia makaa yake ya kazi ya chuma na kuyatupia motoni. Joto likapanda ghafla, na majani yakageuka manjano maangavu ambayo hayajapata kuonekana. Yakauzwa kwa bei kubwa. Faida ikawa ya bwana wake. Kutoka usiku ule likakua taratibu zao ambalo zaidi ya miaka 100 baadaye lilifika Urambo. Niliposoma habari hizo niliyakumbuka maneno ya baba, na safari hii niliyatilia maanani.

Tumbaku ya Mashariki nayo haikuwa na historia nyepesi. Iliingia katika dola ya Waturuki karibu na mwaka 1600, na mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku kwa adhabu ya kifo. Haikufa. Ikawa utajiri wa miji kama Smyrna, Samsun, Kavala na Xanthi. Kisha vikaja vita. Mwaka 1922 Smyrna iliteketea kwa moto, na mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu kwa kipimo cha dini. Wakristo wa Kiothodoksi walihamishiwa Ugiriki, Waislamu wakahamishiwa Uturuki, na jumla ya watu waliong'olewa makwao ilipita milioni moja na nusu. Miongoni mwao walikuwamo wakulima wa tumbaku wa pande zote mbili. Walibeba mizigo michache na ujuzi wa kulima, wakaenda kuanza upya katika ardhi ambayo wenyewe wake walikuwa wamefukuzwa pia. Ile harufu ya ubani niliyoisifu barazani ilikuwa imepitia mikono ya watu wa namna hiyo.

Mkufunzi aliporudi kwao aliniachia kiko na kopo. Tumbaku ilipokwisha, sikuwa na njia ya kupata nyingine. Nikawa nachanganya mwenyewe majani ya baba yaliyokataliwa sokoni. Bila ile ya Mashariki yalinichoma ulimi, lakini nilivuta, nikijiona msomi. Niliendelea hivyo hata nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika eneo la wakulima wa tumbaku. Wanafunzi waliokamatwa na sigara niliwachapa viboko. Jioni niliwasha kiko changu.

Asubuhi moja ya mwezi Machi, katikati ya miaka ya 1980, nilikuwa nikifundisha darasa la tano. Kijana mmoja alikuwa amelala juu ya dawati. Nilimwendea na fimbo mkononi. Nilipomwinamia nilisikia harufu ikitoka katika shati lake: nyasi kavu, jua, na kwa mbali ganda la mkate. Ilikuwa harufu ileile ya kopo langu.

Alishtuka akasimama. "Shikamoo, Mwalimu. Unisamehe. Jana usiku ilikuwa zamu yangu ya moto."

Sikuweza kumpiga. Nilimwambia aketi, nikarudi mbele na kuandika ubaoni maneno ambayo siyakumbuki. Jioni ile nilifungua daftari la mahudhurio nikahesabu majina. Kila mwaka, wakati wa mavuno na moto wa mabani, watoto walewale walikosekana. Wengine walikuwa wakichuma majani yenye umande na kutapika, kwani sumu ya jani bichi hupenya kwenye ngozi. Nilikuwa nikiyaona majina hayo miaka yote na kuyaita utoro. Nami nilikuwa nimeona rangi tu, sikuona usiku.

Toka siku hiyo sikuwasha kiko tena. Sijifanyi shujaa. Madaktari wa Uingereza walikwisha kuonyesha tangu mwaka 1950 uhusiano wa uvutaji na saratani ya mapafu, na kiko nacho huleta saratani ya mdomo na koo. Kwa hiyo nilikuwa na sababu za kutosha kuacha mapema zaidi. Wala siwalaumu wakulima. Baba alinisomesha kwa tumbaku, na mtu hapigi teke chungu kilichompikia. Nilichoweza kufanya ni kidogo: niliwaita wazazi, tukazungumza kwa adabu, na baadhi yao wakakubali zamu za usiku zibebwe na watu wazima. Wengine hawakukubali, maana hawakuwa na mtu mwingine.

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Kuna wajuzi wanaoweza kuonja mchanganyiko wa Virginia na Mashariki na kukuambia kila kilichomo, nami nauheshimu ujuzi huo, kwa kuwa niliuonja nikauona ni wa kweli. Lakini ulimi una mpaka wake. Hautambui usingizi wa Stephen, wala mizigo ya waliohamishwa mwaka 1923, wala shati la mtoto wa darasa la tano. Hayo hutambuliwa kwa kuuliza.

Basi, wajukuu zangu, ndiyo sababu babu hakitupi kikopo. Baba alifariki nikiwa sijapata kumwambia kwamba majani aliyoyalima, au ndugu zao, nilikwisha kuyapa daraja la kwanza. Sasa nimeyaandika.